Kaa kwanza, unga baadaye: namna ya kumsaidia mtu ukiwa umemuelewa

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini huruma ipo, hilo tusidanganyane. Nenda kanisa lolote Mbeya, Iringa, Njombe, ikifika mwezi wa kumi na mbili utakuta madumu ya mafuta, sukari, sabuni za mche, mchele wa Kyela kwenye viroba, kina mama na vitenge vya sare, kamati ya diakonia, yaani ya kuhudumia wahitaji, ina orodha ya wajane na yatima na gari la mtu limeshaazimwa. Kinachokosekana ni kuuliza. Tunaenda na jibu mkononi kabla hatujasikia swali, tunashusha mzigo, tunaomba, tunapiga picha, tunaondoka, na yule mama tuliyemuachia unga anabaki anawaza rejesho la kesho asubuhi la kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, atalitoa wapi, maana hilo ndo lililokuwa linamkosesha usingizi na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza.

Sasa haya ninayoandika ni ya mtu wa jumuiya, mzee wa kanisa, mama wa kikundi, kijana wa kwaya, yeyote anayetumwa kwenda kumuona mhitaji. Sio semina. Ni vitu vya kufanya.

Chukua kwanza hili la udumavu uone ninachosema. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha Iringa karibu asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa, Njombe asilimia 50 na pointi, na hii ndo mikoa inayolisha nchi, mahindi huku, viazi huku, maharage huku, parachichi zinaenda mpaka Ulaya. Ukisikia mtoto kadumaa haraka haraka unasema nyumba hiyo haina chakula, unabeba unga. Unafika unakuta magunia yamepangwa mpaka darini. Ukikaa ukamuuliza mama siku yake inaendaje atakwambia anatoka saa kumi na moja alfajiri kwenda shamba anarudi saa kumi jioni, mtoto kaachwa na dada yake wa miaka saba na uji wa mahindi matupu umeshapoa, mayai yameuzwa, maharage yameuzwa, hela imeenda kwenye mbolea. Hapo unga wako unasaidia nini? Labda anachohitaji ni mtu wa kumshikia mtoto mchana, labda kina mama wanne wa jumuiya wapeane zamu, labda anayetakiwa kukalishwa chini ni baba mwenye nyumba ambaye ndo anaamua kipi kinauzwa na kipi kinaliwa. Kumsaidia mtu hujamjua ni kumwaga mbolea kwenye shamba ambalo hujaangalia limepandwa nini.

Kabla hujatoka nyumbani

Jiulize unaenda kwa nini. Kuna anayekwenda kwa huruma, kuna anayekwenda kwa sababu mchungaji kasema, kuna anayekwenda ili aonekane kwenye grupu la WhatsApp la usharika, na mara nyingi wote watatu wanakaa ndani ya mtu mmoja. Sio dhambi ya kukufanya ubaki nyumbani, ila ijue mapema ili isikuongoze ukifika. Simu ikae mfukoni. Mathayo sura ya 6 inasema mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kulia, sie tunahakikisha mikono yote miwili inaonekana na bango juu. Kama kuna aliyechanga hela anataka ushahidi, piga picha ya risiti na mzigo ukiwa bado dukani, mzigo hauna aibu ya kuonekana.

Halafu maneno ya mtaani. Utaambiwa yule mvivu, yule ndo alimmaliza mumewe, yule watoto wake wako Dar wana magari. Mengine ni kweli mengine ni chuki za mpaka wa shamba. Ukitaka kuulizia, mtafute mtu mmoja tu anayemjua na anayejua kufunga mdomo, balozi au mzee wa mtaa, umuulize vitu viwili: saa ngapi ni nzuri kumkuta, na kuna jambo gani naweza kulikanyaga kwa kutokujua. Basi. Ukianza kupita nyumba hadi nyumba unachunguza, kabla hujafika kwake kitongoji kizima kitakuwa kinajua anakuja kusaidiwa na kwa sababu gani. Hilo la kukanyaga usilidharau. Rungwe na Kyela kuna familia bado zinashika ile mila ya Kinyakyusa ya mkamwana na baba mkwe kuepukana, wasionane uso kwa uso. Sasa we na nia yako njema unamtoa mjane mgonjwa kwenye chumba cha kupanga unampeleka akaangaliwe kwa mkwewe mwenye nyumba kubwa, unaona umetatua, kumbe umemfungia ndani, hatoki hata kuota jua mpaka mzee aondoke. Swali moja tu kwa mtu wa hapo lingekuokoa.

Muda nao ni kitu. Novemba na Desemba watu wanapanda, Januari palizi, ukienda saa tatu asubuhi unamkatisha mtu kazi na yeye kwa heshima hatakwambia. Nenda jioni, au Jumapili baada ya ibada, au nenda mwezi wa sita wa saba baridi imekaza, mahindi yameshaingia ndani, watu wote wako jikoni motoni, hapo ndo maongezi yanatoka yenyewe. Usiende saa saba mchana, utawalazimisha kukupikia na pengine kilichopo ni cha watoto. Ila wakikupa kitu, kula. Viazi viwili vya kuchemsha na chumvi, chai ya rangi, kula na ushukuru. Mgeni anayekataa chakula cha maskini kwa kisingizio cha kumhurumia kashamwambia mwenyeji kwamba huna cha kunipa, na baada ya hapo msitegemee kuongea mkiwa sawa.

Nendeni wawili. Kama mwenyeji ni mwanamke anayekaa peke yake mmoja wenu awe mwanamke. Watu nane mkishuka kwenye Noah huo ni msafara wa mkuu wa wilaya, hakuna mtu anayeeleza shida zake kwa msafara.

Na ziara ya kwanza usibebe mzigo. Najua hapa wengi mtanipinga, mtasema mkono mtupu haulambwi, ni aibu kwenda hivi hivi. Sawa, beba sukari nusu kilo kama mgeni mwingine yeyote anavyobeba. Ila ule mzigo mkubwa uache, kwa sababu ukishauweka mlangoni maongezi yamekwisha, kinachobaki ni asante, na mtu anayeshukuru hawezi tena kukwambia kwamba hicho ulicholeta sicho.

Ukishaingia

Salamu usiziruke. Shikamoo kwa mkubwa, kama unajua Kamwene ya Kihehe au salamu ya Kinyakyusa itoe hata kama lafudhi yako inachekesha, kisha za nyumbani, za shamba, mvua, mbolea ya ruzuku imefika au bado, ng'ombe, watoto. Watu wa mjini wanaona hii ni kupoteza muda. Hapo ndo mwenyeji anakupima. Kaa pale ulipoonyeshwa, hata kama ni kigoda kina mguu mmoja mfupi, na macho yako yasianze kuhesabu bati zilizotoboka.

Ukimkuta anafanya kazi ya mikono ingia nayo. Kama anapukuchua mahindi, chukua gunzi moja, anza. Kama anachambua maharage vuta ungo. Sijaona njia nzuri kuliko hii, mikono ikiwa na kazi macho hayalazimiki kukutana, na kimya hakisumbui mtu maana kuna sauti ya punje zinaanguka kwenye sinia, mtu anaweza kusema neno zito halafu akaendelea kupukuchua kama hajasema kitu.

Inaweza kwenda hivi:

— Shikamoo bibi.

— Marahaba mwanangu, karibuni, karibuni, kaeni hapo, nyumba yenyewe ndo hii.

— Tumekaa bibi. Mahindi ya mwaka huu naona si haba.

— Tunamshukuru Mungu.

— Nani alikusaidia kuvuna?

— Nani? Mjukuu, na huyo jirani hapo. Mgongo huu hauniruhusu.

— Na usiku unakuachia ulale?

— Nalala wapi mwanangu. Na wala si mgongo. (anapukuchua gunzi zima bila kusema) Huyu mtoto anataka kuacha shule.

Hapo ndo usidakie. Usiseme "usijali bibi tutalishughulikia", usiseme "mbona shule ni bure siku hizi", maana ada imefutwa tangu 2016 mpaka kidato cha nne ni kweli, lakini sare, madaftari na mchango wa chakula viko pale pale. Sema tu, "Anasema kwa nini?" halafu nyamaza. Bibi ataeleza kwamba kijana anataka kwenda Chunya kwenye dhahabu, na ukivumilia zaidi utasikia kwamba anataka kwenda kwa sababu anamuona bibi yake anavyobeba maji na mgongo ule. Ona sasa. Ulikuja na wazo la blanketi kwa sababu ni mwezi wa saba, na blanketi si baya, lakini anayehitaji kuongeleshwa ni kijana, na kinachoweza kumbakiza darasani ni vijana wenzake wa kanisani wakapanga zamu ya kumchotea bibi maji. Hiyo haina gharama hata shilingi, na wala haikuwepo kwenye bajeti ya kamati.

Marafiki wa Ayubu watu huwa wanawasema vibaya tu, ila mwanzo walifanya vizuri. Ayubu 2:13, walikaa naye chini siku saba mchana na usiku hakuna aliyemwambia neno, kwa sababu waliona maumivu yake ni makubwa mno. Walipoharibu ni pale walipofungua mdomo kuanza kumweleza kwa nini yamempata. Sie wengi tunaruka zile siku saba tunaanzia kwenye hotuba.

Maswali

Bartimayo alikuwa kipofu, kila mtu Yeriko alikuwa analiona hilo, na bado Yesu alimuuliza unataka nikufanyie nini. Yule wa Bethzatha, Yohana 5, kaugua miaka 38, anaulizwa unataka kupona? Mtu unaweza ukaona ni swali la ajabu, ila sikiliza jibu lake, hakusema miguu inauma, alisema sina mtu wa kuniingiza kwenye birika maji yakitibuliwa. Shida yake ya miaka yote kwa mdomo wake mwenyewe ilikuwa kukosa mtu. Usipouliza hilo hulipati.

Ila ninaloona limepita yote ni la Elisha kwenye 2 Wafalme 4. Mjane anadaiwa, mdai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha anauliza nikufanyie nini, na bila kusubiri anaongeza, niambie, una kitu gani nyumbani? Mama anasema sina kitu, ila chupa ya mafuta. Ile "ila" ndo iliyolipa deni. Sie fomu zetu za diakonia zote zinauliza mtu amekosa nini, sijaona fomu yenye mstari wa kuuliza ana nini. Ana shamba ekari moja lakini hana nguvu ya kulima, ana cherehani imeharibika mkanda, anajua kusuka mikeka, ana mtoto wa dada yake Makambako mwenye roho nzuri ila hawajaongea toka ule msiba. Uliza.

Maswali yanayofungua ni ya kawaida sana. Wiki hii kipi kimekuchosha zaidi? Mmeshajaribu nini? Nani amekuwa karibu na nyie? Tukisema tunaleta hiki, kitakuletea shida gani? Hilo la mwisho watu hawaulizi kabisa na ni muhimu, kwa sababu kuna nyumba ukipeleka mbuzi unapeleka ugomvi wa mashemeji, na kuna mama ukimpa hela mkononi jioni mumewe ataichukua akamalizie kilabuni kwenye ulanzi.

Yanayofunga: mbona hukutuambia mapema? Mumeo yuko wapi? Unaumwa nini hasa? Ulizaa ngapi? Kwani ndugu zako wanafanya nini? Hayo unayauliza kwa faida yako, na mwenye shida anayasikia hivyo.

Na ujue ukiwa mzee wa kanisa au mama mchungaji watu watakujibu ndiyo kwa kila kitu. Unahitaji blanketi? Ndiyo. Unahitaji mbegu? Ndiyo. Sio kwamba anadanganya, anakuheshimu. Kwa hiyo badala ya maswali ya ndiyo na hapana mpe achague: kama tungeweza kimoja tu kati ya mbolea na godoro, uanze na kipi? Hapo atafikiri na wewe utajifunza.

Pale penye miba

Virusi vya Ukimwi. Takwimu za 2022-23 ziliweka Njombe asilimia 12.7 ya watu wazima, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati taifa zima ni 4.4. Maana yake kwenye benchi lako la kanisani wapo, wanaimba na wewe. Wengi dawa wanachukulia kliniki ya mbali kwa makusudi, wa Mafinga anaenda Iringa, wa Tukuyu anakuja mjini, nauli inawala ila hawataki kuonwa. Sasa ukimuona mtu kwenye foleni ya CTC, hiyo kliniki ya dawa za virusi, hujaona kitu. Usimfuate na "nilikuona, pole, kanisa lipo kwa ajili yako", umemtisha tayari na mwezi ujao anaweza asiende. Akikwambia mwenyewe, mshukuru kwa kukuamini, muulize nani mwingine anajua ili usije ukateleza mbele ya watu, kisha uliza kama nauli ni shida. Na tafadhali sana, mwombee, muombeane, lakini mtu yeyote asimwambie aache dawa kwa sababu ya maombi. Anayemeza dawa vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana, hilo limethibitishwa, na watoto wake wanakua wakiwa na mzazi.

Kausha damu. Mtu mwenye mikopo hii hatakwambia siku ya kwanza, aibu ni kubwa kuliko njaa. Dalili utaziona, simu inaita anaigeuza kifudifudi, jumuiya haji tena, Jumatano siku ya rejesho hayupo nyumbani, TV haipo ukutani imebaki misumari. Usimlipie deni lote kwa haraka. Kaa naye na karatasi mwandike anadaiwa na nani na nani, kiasi gani, riba ikoje, kadi ya benki au kitambulisho kiko kwa nani, maana wengine wameshikiliwa hivyo vitu. Mara nyingi akishaliona deni lote kwenye karatasi moja ndo anaanza kupumua. Kisha kikundi chake cha vikoba kinaweza kumpa mkopo wa riba ndogo akaziba wa riba kubwa. Hii inataka mtu mmoja anayejua hesabu na asiyejua kusimulia.

Msichana aliyepata mimba akiwa shuleni. Mtaa unasema kashaharibikiwa. Toka Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi shule ya kawaida baada ya kujifungua, na wazazi wengi vijijini hawajui au wanajua ila hawaamini. Kabla ya kumnunulia chochote muulize yeye, sio mama yake, kama anataka kurudi na anaogopa nini, unaweza kukuta anachoogopa ni darasa kumcheka na sio daftari.

Mtu anayepigwa nyumbani, au mtoto anayefanyiwa mabaya. Hapa kusikiliza kwa siku saba hakupo. Msiwakalishe mume na mke meza moja mkaita upatanisho, mama hatasema kweli mbele ya anayempiga na usiku mtakuwa mmeshaondoka. Kituo cha polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, halmashauri kuna ofisa ustawi wa jamii, na kwa mtoto kuna namba 116 ya bure. Siri ina mipaka, na mpaka wenyewe ndo huu.

Mgonjwa wa rufaa. Watu wanatoka Chunya, Ileje, Makete wanaletwa Mbeya mjini, kanisa linakwenda wodini na juisi na machungwa, mgonjwa mwenyewe hata kumeza hawezi. Mgeukie anayemuuguza. Kalala wapi jana? Kaoga? Nauli ya kurudi anayo? Huko nyumbani nani kabaki na watoto, ng'ombe anakamuliwa na nani? Mimi ningesema nusu ya mzigo wa diakonia ya hospitali uende kwa anayeuguza, na sijaona mgonjwa aliyelalamika.

Msiba. Siku tatu za mwanzo watu wapo wengi mpaka chumvi inaisha. Nenda wiki ya tatu, nenda mwezi wa pili. Usiseme Mungu kampenda zaidi. Mithali 25:20 inasema anayemwimbia nyimbo mtu mwenye huzuni ni sawa na anayevua nguo siku ya baridi, na mtu wa Makete au Uporoto haelezwi baridi ni nini. Mtaje marehemu kwa jina, wafiwa wengi wanachoogopa ni kwamba jina halitajwi tena.

Mlevi sitasema mengi. Mkute asubuhi.

Sasa kutoa

Ukishajua, toa, maana Yakobo 2 ipo pale pale, ukimwambia mtu mwenye uhitaji nenda kwa amani ukaote moto ukashibe bila kumpa kitu imefaa nini, na kusikiliza nako kunaweza kuwa kisingizio cha ubahili. Kuna kamati zinafanya tathmini mpaka mhitaji anakufa.

Angalia kalenda kabla ya kuchagua. Njaa ya huku inakuja Januari mpaka Machi, chakula cha mwaka jana kimeisha na cha mwaka huu bado kipo shambani, sasa sie tunagawa Desemba kwa sababu ya Krismasi, wakati ambao hata maskini hakosi kilo ya mchele. Na kwa mjane mwenye ekari yake, kikundi cha watu kumi kumpalilia Jumamosi moja ya Januari ni chakula cha mwaka mzima, kuliko viroba vya unga vya kila mwezi ambavyo vinamfanya asimame mstarini.

Boazi alivyompa Ruthu ni somo. Aliwaambia vijana wake waachie masuke makusudi waangushe na wasimkemee, Ruthu akaokota kwa mikono yake akarudi kwa mkwewe na kitu alichokifanyia kazi. Tafuta namna mtu apokee akiwa amesimama. Anunue kwa bei ya chini, akope mbegu arudishe debe baada ya mavuno, ashone sare za kwaya alipwe haki yake. Na akitaka kukupa kuku kama shukrani mpokee kuku.

Yule Msamaria wa Luka 10 tunahubiri huruma yake tu, hatuangalii alivyopanga. Alifunga majeraha, mafuta na divai, akampandisha kwenye mnyama wake, kesho yake akatoa dinari mbili akampa mwenye nyumba ya wageni, akasema utakachotumia zaidi nitalipa nikirudi, akaondoka na safari yake. Hakuhamia pale. Aliacha kazi kwa mtu ambaye yupo kila siku, kwa hela inayojulikana, na ahadi ya kurudi. Kwa hiyo na wewe tafuta nani yupo pale kila siku, jirani, mwenye duka, mhudumu wa afya wa kijiji, mkubaliane naye kitu cha kiasi. Usiahidi cha kukushinda. Ukisema nitakuja Alhamisi, nenda Alhamisi, kama mvua imekata barabara piga simu.

Kisha rudi siku nyingine bila kitu chochote. Watu wengi hatujawahi kwenda kwa mhitaji bila mzigo, kwa hiyo hajui kama tunampenda au tunatekeleza ratiba.

Kuna atakayekudanganya. Atachukua mbolea auze. Usimtangaze kanisani, mfuate muulize kwa utulivu hela ilienda wapi, pengine kuna shida ambayo mlipokaa hakuisema, pengine ni tapeli tu, nao wapo hata waliobatizwa. Mara ya pili mpe kwa namna nyingine au usimpe.

Na kuna atakayekataa. Mzee mmoja atakwambia asante, mwape wengine, mimi nipo tu vizuri, na wewe unaona kabisa mvua inapita kwenye bati. Usibishane naye, wala usirudi usiku ukamuachia mlangoni, maana keshasema. Muombe ushauri wa kitu anachokijua, miche ya parachichi inashikaje, mpaka wa kiwanja cha kanisa ulikuwa wapi zamani, umpitie tena wiki nyingine. Siku akitaka bati atajua pa kukuona.

Kumbukumbu ziandikwe kwenye daftari moja linalokaa kwa mtu mmoja, jina, tarehe, mlichokubaliana, nani anarudi lini. Ugonjwa usiandikwe, deni lisiandikwe. Kwenye kikao cha kamati ripoti iseme nyumba ngapi zimetembelewa na kiasi gani kimetumika, na yule mjumbe atakayeuliza "kwani ni nani hao?" ajibiwe kwamba daftari lipo kwa mtunzaji, twende ajenda inayofuata.